Malkia Ashika Mkuki

Jumatatu, 2 Juni 2025
Boazi, mchapishaji wangu wa Tunduma, karudisha mchoro wa jalada la katuni. Eti malkia anapambana na joka huku kashika mkuki kama ufagio! Mikono imebanana, miguu kama anapigwa picha ya pasipoti. Ukimpuliza anaanguka, anasema. Nimenuna. Halafu nikacheka. Kweli, sijawahi kushika mkuki.

Jumatano, 4 Juni
Nimejaribu uani na mpini wa jembe, najipiga picha kwa simu. Zote mbovu. Dada Ketrina alikuwa barazani, ananitazama. Tangu kiharusi cha mwaka jana mkono wake wa kulia umelegea. Kahawa wanachuma wengine. Yeye anakaa, khanga begani, anauficha. Ghafla akasema nguvu haitoki mkononi, inatoka kiunoni — hujawahi kulima wewe?
Nikamwomba asimame nimchore.
Akaingia ndani. Mlango — pu!

Ijumaa, 6 Juni
Dada katoka mwenyewe. Bila khanga! Kachukua mpini. Kushoto ndiko kunakobeba. Mkono wa kulia umeegeshwa juu tu, unaongoza ncha. Kitako cha mpini kakibana ubavuni. Mguu mmoja mbele, goti kalikunja. Nikamwambia joka linashuka kutoka juu, upande wa choo. Akazungusha kiuno, akachoma — akakata kamba ya nguo! Mashuka yote chini. Tulicheka mpaka jirani, mama Rozi, akachungulia kuuliza kulikoni. Dada hakuuficha mkono. Akamjibu tunaua joka.
Alichoka upesi. Mpini ukaanza kutetemeka. Nimeuchora na mtetemo wake.

Jumapili, 8 Juni
Mchoro umekwisha. Vidole vya malkia vimejikunja kama vya dada. Lakini sasa mkuki una uzito, unauona unavyomlemea, na bado anausukuma.
Niliogopa kumwonyesha. Nimemwonyesha tulipotoka kanisani. Akatazama, akatazama.
"Umenifanya mrefu."
Basi. Kisha akaniomba nimrushie kwenye simu, akamtumia mwanawe Lusajo, yuko Nakonde.

Jumatatu, 9 Juni
Nilimtumia Boazi mchoro, kapiga. Anasifu! Miguu, kiuno, mkuki — anasema joka lenyewe linatia huruma. Ila mkono wa kulia. Niunyooshe tu, kazi ya dakika chache, malkia gani kilema? Nikamwambia ukiunyoosha huo, mkuki wote unakuwa uongo. Kasema basi atamtafuta mtu wa kuunyoosha. Mchoro unaingia mtamboni kesho.
Nilikuwa nimeweka spika. Dada anamenya ndizi pale pale. Kasikia yote, hata hilo neno.
Kaweka kisu chini. "Nipe simu."
Nimempa, nimekuja chumbani, siwezi kutazama. Naandika. Namsikia uani, sauti yake ya polepole ya tangu augue:
"Marahaba, mwanangu. Mkono ni wangu. Niulize mimi."
Boazi anajibu kitu kirefu. Sisikii maneno.
Dada kamkatiza: "Usiunyooshe."
Boazi kajibu neno moja tu, hilo nimelisikia: "Sawa."