Vidole Havikupita

Diani,
9 Agosti, 1954

Dada yangu Mwanaima,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta u mzima hapo Waa, kifua cha mama kimepoa, na watoto wanaendelea na chuo. Mimi mwili ni mzima, alhamdulillahi, lakini moyo haujatulia tangu Jumatano.

Umeniuliza mumeo amekosa nini hata akatiwa ndani Kwale. Nitakueleza yote, nawe nivumilie.

Bwana wetu alileta tandiko jipya la farasi kutoka Mombasa. Shemeji Mangi, kwa kuwa ndiye msimamizi wa banda, alilijaribu kwa Rubi, yule farasi jike mwekundu. Aliliweka mgongoni bila blanketi, akasimama nyuma kuchungulia kama mwanga unapita juu ya uti wa mgongo, kisha akatia vidole chini yake, hapo mabegani. Havikupita. Akaniambia lisitumike kabisa mpaka fundi alirekebishe, maana farasi akibanwa hapo hana njia ya kusema ila kwa mateke.

Jumatano asubuhi memsahibu, mkewe bwana, alitoka na Rubi kwa tandiko hilo hilo. Hawakufika hata Galu. Rubi aliruka kama aliyechomwa moto, memsahibu akaangukia mawe ya pwani. Mpaka leo yumo hospitali Mombasa, hajafumbua macho. Rubi walimpiga risasi.

Bwana alitukusanya, akauliza ni nani aliyemtandika farasi. Mangi alinitazama, akanitazama sana. Kisha akasema, "Kazi ya banda hili ni yangu, bwana." Na siku hizi za hali ya hatari, mtu mweusi akimwumiza Mzungu haulizwi mara mbili. Wanasema alikusudia kuua.

Dada, Mangi hakuwapo. Alikuwa amekwenda Mwabungo kukata majani ya farasi. Niliyetandika ni mimi. Nilitia vidole, havikupita, na maana yake niliijua. Memsahibu alikuwa akinihimiza kwa ukali. Akauliza kama tandiko limekaguliwa, nami nikamjibu kwamba Mangi amelikagua na limekaa sawa. Niliogopa kufukuzwa. Na mbele ya bwana niliinamisha kichwa, nikamwacha baba wa watoto wako abebe.

Sili, silali. Kesho alfajiri nitakwenda Kwale kwa miguu nikaseme. Lakini najijua. Jana pia nilitoka, nikafika Ukunda, nikarudi. Ndiyo maana barua hii nimempa Abdurahman wa dukani akuletee. Ikikufikia na Mangi hajarudi nyumbani, usiningoje. Ichukue mwenyewe uipeleke kwa mkuu wa polisi, isomwe mbele yake. Nimeiandika kwa mkono wangu, na jina langu lote liko chini.

Nisalimie mama, wala usimfiche. Watoto wape salamu za mjomba wao, kama watazitaka.

Ni mimi ndugu yako niliyekukosea,
Chirau Matano Kibwana