Dalali Niliyemwambia Kwa Nini Nauza

Mwenzangu, yale maneno ya fundi cherehani wa mtaani kwetu yalikataa kunitoka kichwani, kwamba dalali niliyetaka aniuzie nyumba huuza siri zako kabla ya kuuza nyumba. Nikajisemea ni wivu tu.

Nilimchagua dalali huyo kwa sababu alinisikiliza. Nikamwaga yote, kwamba nauza ili binti yangu afanyiwe upasuaji, na kwamba mtoto mwenyewe hajui kama nauza.

Leo kaleta wateja. Niko jikoni nawatilia maji, namsikia chumbani kwa binti: "Mgonjwa mwenyewe ndiye huyu. Msiwe na haraka, mama atashusha bei tu."

Mbele yake! Mtoto kalala pale, macho wazi! "Mama atashusha bei tu."

Nimewafukuza glasi ikiwa mkononi. Binti akaniita. "Mama, kumbe nyumba ya baba inauzwa kwa ajili yangu? Basi mimi siumwi tena." Akanyanyuka, akaanza kutandika kitanda huku ameshikilia ukuta.

Nimelia mpaka basi. Na wewe unataka kuuza, kwa hiyo shika haya:

Usichague dalali kwa upole wake.
Usimwambie kwa nini unauza.
Usimwache peke yake na wateja.
Na mtoto mwambie wewe, asije akaambiwa na mgeni.