Nilimsamehe Kwenye Robot

Jumatatu, 5 Mei
Radhi kwa kimya cha wiki tano. Mkono wa kulia haukuweza kuandika, na mwandiko wa kushoto sikuuvumilia. Leo: chai, dawa, mazoezi ya vidole, kisha mistari hii. Herufi zimepinda. Naona aibu.

Gari liliniangusha hapa Berea nikivuka kwenye robot, ndivyo huku waitavyo taa za barabarani, ikiwa kijani upande wangu. Ufa mdogo kwenye kifundo cha mkono. Dereva, binti muuguzi aitwaye Nomsa, alilia kuliko mimi. Nikatamka mbele ya watu: nimekusamehe kwa ajili ya Mungu, polisi wasiitwe. Kwetu Tanga neno hilo hufunga shauri. Alinipeleka hospitali mwenyewe. Nashukuru ni mkono tu.

Jumatano, 7 Mei
Daktari amesema nisipopata tiba ya mazoezi, ya kulipia, vidole viwili havitashika sindano tena. Ninaishi kwa kushona kofia. Nimeogopa. Sipendi kuogopa.

Zuhura, binti wa kaka yangu, ataka nidai kwenye mfuko wa serikali wa ajali za barabarani. Nikamwambia msamaha haurudishwi. "Eish, shangazi! Umemsamehe Nomsa. Mfuko unachangiwa na kodi ya petroli. Petroli nayo umeisamehe lini?" Sikucheka. Nilicheka baadaye, jikoni, peke yangu.

Ijumaa, 9 Mei
Randburg, kwa wakili. Mama mwenye subira. Anayelipa ni mfuko, si dereva. Jeraha dogo kama langu halilipwi maumivu. Hulipwa matibabu na kipato kilichopotea, kwa risiti na fomu ya daktari. Risiti ninazo zote, kwa mpangilio wa tarehe. Daftari la kofia ninalo. Taarifa ya polisi sina. Niliizuia mwenyewe. Sasa Nomsa aende kueleza kosa lake kituoni, la sivyo dai halina miguu. Sikula mchana.

Jumanne, 13 Mei
Siku nne nilikataa kumpigia. Nimsamehe, kisha nimpeleke polisi? Zuhura alimpigia bila idhini yangu. Nilikuwa bado namkaripia mlango ulipogongwa. Nomsa, na sare ya kazi. Zuhura alitafsiri, akiacha "Gogo", yaani bibi, kama lilivyo: "Gogo, wewe ulisema lako pale barabarani. Mimi sijasema langu. Twende."

Askari alimwuliza kama anajua kwamba anajishtaki. Akajibu anajua. Nilitaka kumzuia mara ya pili. Zuhura alinibana bega, nikamwacha aendelee. Sijapata kuheshimu kijana namna hii.

Ijumaa, 16 Mei
Dai limepelekwa, pamoja na nakala ya kibali changu cha kuishi. Jibu huchukua miezi, pengine zaidi. Nomsa ametozwa faini, amekataa nimchangie. Jumapili atakula pilau kwetu.

Asubuhi nilitia uzi kwenye sindano. Uliingia mara ya tatu. Nikashona tundu moja la kofia, zawadi ya baba yake Nomsa. Alhamdulillahi.

Uamuzi ukitoka, wa kupewa au wa kunyimwa, nitauandika hapa kwa mkono huu wa kulia. Herufi zitakuwa zimenyooka.