Rekodi Kumi na Tisa

Jumatatu, 3 Machi

Mwenzangu,

Leo nimejaribu kuweka mfumo mpya, Linux, kwenye kompyuta ya duka letu la uchapaji, kama ulivyokuwa ukisema utafanya ukipata nafasi. Mfumo wa zamani haujawaka tangu Ijumaa. Flashi yako nimeikuta kwenye droo ya stapla. Ilianza vizuri — lugha, saa, jina la mtumiaji. Kufika kwenye kuchagua diski, kimya. Halafu maandishi: imeshindwa kusoma. Nimerudia mara tano. Mara tano!

Wifi, dada yako, alikuwa anapanga karatasi. Akaniambia niitupe kompyuta hii, imechoka kuliko yeye, na yeye mwenyewe ana miaka sita tangu astaafu. Nilicheka. Sikumwambia kwamba rekodi zako kumi na tisa zimo humo, unasoma barua za wateja kabla hatujazichapa. Sauti yako haipo mahali pengine popote.

Jumanne, 4 Machi

Fundi kompyuta amekuja — yule anayeitwa Daktari na mtaa mzima kwa kuwa hutega sikio kabla hajashika bisibisi. Ameinamia kasha, akasema, Mama, hii inapiga hodi na mwenyeji hayupo. Akabadilisha kebo ya diski. Hitilafu zikapungua, hazikuisha. Basi si kebo. Ni diski yenyewe.

Akauliza nani anaipiga makofi. Rangi ya ubavuni imelika mahali pamoja, upana wa kiganja.

Ni wewe, miaka yote. Ikikwama, kofi moja, inaamka. Ulipoondoka nikaendelea mimi, palepale, kila asubuhi. Nilidhani ndivyo inavyotunzwa! Daktari anasema kila kofi lilikuwa linaumiza diski ndani. Nikamwambia ni mimi. Marehemu hasemwi kwa fundi.

Jumatano, 5 Machi

Hakuna kuweka Linux juu ya diski hii tena. Daktari ameleta diski mpya. Ya zamani inanakiliwa humo kipande kwa kipande. Pabovu inaruka, baadaye inarudi kujaribu. Linux yenyewe inaendeshwa kutoka kwenye flashi. Saa tatu asilimia 12. Saa nane 61. Marufuku kugusa meza. Wifi kaja na ufagio, nimemzuia mlangoni kama askari. Akasema, Jamani, mgonjwa gani huyu hataki hata kufagiliwa! Akafagia nje kwa hasira, mpaka mbele ya duka la jirani.

Alhamisi, 6 Machi

97. Haiendi.

Ijumaa, 7 Machi

Asubuhi tumefungua nakala. Barua zote zipo. Folda ya sauti — majina kumi na tisa yamejipanga sawasawa, tarehe na yote. Ukibofya, hakuna kitu. Sauti zenyewe zimebaki kwenye zile asilimia tatu.

Daktari akavuta kiti. Anasema tunaweza kuizima diski ya zamani tutafute mtaalamu mwenye vifaa vikubwa, ambaye yeye hamjui, na ikizimwa huenda isiwake tena. Au aipitishe kwenye kunakili mara ya mwisho sasa, ingali na pumzi. Ikifa, imekufa. Akasema yeye ni fundi tu, kuamua ni kwa mwenye msiba.

Wifi alikuwa nyuma yangu. Akauliza, Sauti gani? Ikabidi niseme. Akakaa juu ya boksi la karatasi. Nikamwambia aamue yeye, wewe ni kaka yake, alikujua kabla yangu. Akajibu, Wewe ndiye uliyevumilia kukoroma kwake miaka ishirini na minne. Amua mwenyewe.

Nimemwambia Daktari apitishe.

Imeanza saa nne. Inasogea, inasimama. Daktari ametega sikio. Wifi anaipepea kwa kava la faili, maana imepata joto. Mimi naandika kwa sababu mikono yangu haina pa kukaa.

Nikuambie kweli. Nimeanza kukusahau unavyosikika. Unavyoniita ninakusikia bado, ila ukicheka — najaribu, napata uso tu. Sikutaka kumwambia mtu.

97.4.

Imesimama. Daktari ameinua mkono tusiongee. Wifi ameacha kupepea.

Mwenzangu, mimi nikishindwa kukukumbuka, basi wewe nikumbuke.