Pipa lililoshuka kabla ya wimbo kuisha

Bunia, Alhamisi 12 Juni. Miezi saba sasa tangu niage nyumbani Butembo.

Kidole cha mguu hakitakatwa. Muuguzi amefungua bandeji, akanusa, akasema, "Papa, kinapona. Lakini mizigo, hapana kwanza."

Kule bandarini Kasenyi tunateremsha mapipa ya mafuta kwenye ubao kwa wimbo. Kasereka anaimba, siye tunashika kamba. Akinyamaza, pipa limefika chini, tunaachilia. Wiki iliyopita pasta alipita, na Kasereka akanyamaza ili amsalimie. Wenzangu wakaachilia. Pipa lilikuwa bado katikati ya ubao, na mimi siku hiyo nilikuwa mbele yake, kulipokea; likaniponda kidole.

Leo Kasereka amekuja kuniona na ndizi.

"Ningemupita pasta bila kumusalimia, weye?"

"Ungemusalimia na wimbo."

Tumecheka, lakini hasira haijaisha. Kapita, msimamizi wetu, ameshaweka mtu mwingine mahali pangu.

Mke wangu amepiga simu: nirudi. Nikamwambia sitaki watoto wanione nikichechemea.

"Watakuona, lakini," akasema. "Sasa hawakuoni kabisa."

Mwisho wa mwezi huu nitapanda gari la Butembo, hata kama ni kwa ndara, maana kiatu hakiingii bado.