Nani Yumo Kwenye Kisanduku?

Jumamosi, 8 Machi
Laptopu ya marehemu baba imeanza kugonga kwa ndani. Fundi kaitegea sikio, akaguna: diski inakufa, hamisha vitu vyako leo, si kesho. Video zake zote zimo humo, nakala hakuna. Nimeanza kuzihamishia kwenye kile kisanduku cha kuhifadhia mafaili ya nyumba nzima, kilichounganishwa na ruta ya intaneti sebuleni. Mwendo wa konokono! Kwa hali hii diski itatangulia.

Jumapili, 9 Machi
Nimeachana na waifai, nikachomeka waya. Afadhali kidogo. Kuchungulia — waya wenyewe umekandamizwa na mguu wa kabati, umekuwa bapa. Nikabadilisha. Mafaili yakakimbia, nami nikajiona fundi mwenzao. Ilipofika saa kumi jioni, mwendo ukaanguka. Magharibi ukarudi wenyewe. Kwa nini? Mama ananiambia niache kuinama chini ya meza kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nimemjibu kuku huyu ana kazi.

Jumatatu, 10 Machi
Saa kumi, yale yale. Waya mzima, ruta nzima. Fundi kwenye simu anasema kisanduku hakiwezi mambo mawili kwa raha: huku mimi nakilisha, huku mtu mwingine anachota. Mtu gani? Kaka yuko kazini mpaka usiku. Mama ndiyo kabisa, kompyuta haigusi. Roho haitulii mpaka nijue.

Jumanne, 11 Machi
Nimejua pa kuangalia nani ameingia kwenye kisanduku. Ni runinga ya chumbani kwa mama! Anafungua hizi hizi ninazohamisha, moja moja, kadiri zinavyofika. Baba anapogoa maua, baba anaigombeza kamera. Na huyu ndiye mama ambaye tangu msiba hataki hata picha ukutani. Nimenyata hadi mlangoni pake, nikamsikia anacheka peke yake. Nimerudi machozi yakinilengalenga, kwa furaha.

Jumatano, 12 Machi
Imebaki video moja, ya wodini. Siku ile mama alikuwa amekwenda nyumbani kubadili nguo. Baba anauliza mama yenu yuko wapi, anauliza tena, halafu basi. Hakusema kingine. Mimi na kaka tulikubaliana mama asiione kamwe. Nikiiacha, itakufa na diski. Nikiihamisha, ataifungua. Nikaona niifungie kwenye folda yenye nywila. Nilikuwa katikati ya kuiandika, mama huyo mlangoni, rimoti mkononi. Mbona leo haziji? Nikamwambia diski inasumbua.

Akavuta kiti, akakaa.

"Najua mlirekodi wodini," akasema. "Nesi aliniambia baba yenu aliniulizia. Nataka kusikia alivyoniita."

Amekwenda kuchukua miwani yake, naandika haya harakaharaka. Nywila iko nusu. Nasikia ndala zake zinarudi, nami naifuta nywila.