Baba, Ngoma Uliyotuchezea na Ungo

Natta, Jumapili baada ya ibada

Baba, shikamoo.

Leo nitakueleza yote, hata yale ambayo Mama hataki yatajwe.

Tangu kifusi kikufunike kule kwenye mashimo ya dhahabu, nyumba yetu imekuwa kimya. Mama analima mpaka jua linazama. Bibi, mama yako, hasimulii tena hadithi. Juzi nilimsikia akimwambia jirani, "Mwanangu alikufa na hofu, peke yake gizani." Tangu hapo maneno hayo hayanitoki.

Shuleni mwalimu alitaka kila mmoja wetu aeleze sikukuu ya nchi nyingine. Nikachagua ile ya milima ya Himalaya, aliyokusimulia mgeni kutoka Bhutan ulipokuwa bado mpishi katika kambi ya watalii. Unakumbuka ulivyorudi ukatuchezea uani, ungo usoni, ukizunguka polepole kwa mguu mmoja, mbwa akakimbilia kwa jirani? Nilieleza jinsi watawa wa Kibudha wanavyovaa vinyago vya mbao, vyenye meno na macho makali, na kucheza kwa mlio wa ngoma na tarumbeta ndefu. Mwenzangu Rhobi akadakia, "Hayo si mashetani, jamani?" Darasa zima likacheka. Nikamjibu kama ulivyotujibu sisi: "Ni walinzi. Wamekasirikia uovu, hawajakukasirikia wewe."

Nikaeleza na sababu. Wao huamini kwamba mtu akifa atakutana na nyuso kama hizo, na aliyeziona kwenye ngoma atazitambua, hataogopa. Ndiyo maana hata watoto wachanga hupelekwa kutazama.

Niliporudi nikamweleza Bibi. Nilidhani atanigombeza, maana unajua alivyo na kanisa lake. Badala yake akasema, "Chukua ungo, mjukuu wangu. Nionyeshe alivyocheza."

Nikacheza. Bibi akanikatiza: "Siyo hivyo! Baba yako alianza na mguu wa kushoto." Kumbe siku ile alikuwa anakutazama! Akacheka huku machozi yakimtoka, akaniuliza, "Kwa hiyo yeye alikuwa ameshawajua hao walinzi?"

Nikamwambia nitakuuliza wewe, Baba. Najua uko mikononi mwa Mungu. Lakini Bibi anasubiri, nami pia.

Kwaheri, Baba yangu. Nakuahidi nitasoma kwa bidii, na Bibi hatakaa peke yake. Ila tujibu upesi, hata kwa ndoto: kule chini, giza lilipoingia, uliona uso wowote ulioutambua?